Gari ina kilometa chache: oili ya gia boksi ya otomatiki ibadilishwe lini?

#1 · Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Wakuu, heshima kwenu.

Swali hili linarudi kila mara. Mtu ametoa gari bandarini, dashibodi inasoma kilometa 47,000. Fundi wa mtaani anamwambia abadilishe oili ya gia boksi haraka, jirani anamwapia kwamba akiigusa tu gia boksi inakufa, na kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani. Naomba tulimalize hapa.

Msimamo wangu nauweka mbele ili anayetaka kuupinga ajue pa kushika. Gari ya otomatiki yenye kilometa chache, lakini umri umefika miaka saba au minane na huna kumbukumbu yoyote ya oili kubadilishwa, badilisha sasa wakati gia bado zinaingia vizuri. Mwaga, jaza oili ileile iliyotajwa na mtengenezaji, basi. Hapo unakuwa umefungua daftari lako mwenyewe. Kuanzia siku hiyo, kwa matumizi ya mijini kwetu, hesabu kilometa 40,000 hadi 60,000 au miaka minne mitano, kitakachotangulia.

Sasa sababu.

Oili hii, ambayo wengi tunaiita haidroliki, inalainisha na kupoza kama oili nyingine, ila ina kazi ya tatu: inabeba presha. Kompyuta ikitaka gia ya tatu inafungua solenoidi (valvu ndogo ya umeme), oili inapita kwenye vijia vya valvu bodi, yaani sehemu inayogawa presha ya oili, na kwenda kubana sahani za klachi. Sahani hizo zenyewe zimelowa ndani ya oili hiyohiyo. Kwa hiyo inatakiwa iwe na utelezi wa kulinda beringi na meno ya gia, na papo hapo iziache klachi zishike. Kinachowezesha hayo mawili kwa pamoja ni viambato vilivyochanganywa kiwandani, na viambato ndivyo vinavyoisha. Oili kuwa kwenye alama ya kupimia hakukuambii kama viambato bado vimo.

Adui yao mkubwa ni joto. Wataalamu wa oili wana kanuni ya kukadiria: joto likipanda nyuzi 10, kasi ya oili kuharibika kwa oksijeni inakaribia kuongezeka maradufu. Na odomita haipimi joto. Chukua gari mbili, zote zimesoma kilometa 45,000. Moja imekula barabara kuu kwa wastani wa kilometa 75 kwa saa, sawa na saa 600 za kazi. Nyingine imeishi mjini kwa wastani wa kilometa 15 kwa saa. Hiyo ni saa 3,000. Dashibodi zinafanana, ila oili ya gari ya pili imefanya kazi mara tano. Tena saa nyingi ni zile za kusogea nusu mita nusu mita kwenye foleni ya Kimara, AC imewashwa, gia iko D, konveta (kiungo cha injini na gia boksi kinachofanya kazi kwa oili) inakoroga oili na rejeta haipati upepo. Kwa gari ya namna hiyo neno "kilometa chache" halina uzito mkubwa.

Upande wa umri tuwe wakweli. Oili ya gia boksi iliyotulia haichakai haraka kama ya injini, kwa sababu haikutani na masizi, petroli wala maji ya mwako. Ndiyo maana gari isiyotembea inahitaji oili ya injini kila mwaka, lakini ya gia boksi haihitaji. Anayemwaga haidroliki kila miezi sita kwenye gari ya kwenda kanisani na sokoni anapoteza pesa yake. Hata hivyo miaka ina mchango wake. Gia boksi ina tundu la kupumulia: ikipata moto hewa inatoka, ikipoa hewa inaingia na unyevu wake. Gari ya safari fupifupi, hasa huku pwani, haipati moto wa kutosha kuukausha unyevu huo.

Kuhusu maneno "oili ya maisha yote": ZF ya Ujerumani ndiyo inayotengeneza gia boksi zilizomo kwenye BMW nyingi, Range Rover na Discovery. Watengenezaji wa magari hayo waliwahi kuwaambia wateja kwamba oili haibadilishwi. ZF wenyewe, waliounda hilo dude, wanashauri ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000 au ifikapo miaka minane. Angalieni hiyo miaka minane. Wameiweka kwa ajili ya gari ambayo kilometa zake hazijafika.

Nawasilisha. Mafundi mlioko humu, karibuni sana.

#2 · Mdau, Arusha

Asante mkuu kwa uzi. Mimi nina Toyota IST ya 2004, inasoma 58,000. Nitajuaje kama kilometa zenyewe ni za kweli? Na niweke oili gani? Dukani wameniwekea makopo ya aina tano mezani, kila moja muuzaji anasema "hii ndiyo yenyewe".

#3 · Mwanzisha uzi

Mkuu, anza na karatasi. Kile cheti cha Japan cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje huwa kina sehemu ya odomita, na karatasi ya mnada pia ina kilometa. Linganisha na dashibodi. Kama karatasi hazipo, tazama mpira wa pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva upande wa mlangoni. Pedali iliyolika hadi chuma kuonekana imetembea zaidi ya 58,000 kwa mbali. Ukiwa na shaka, fanya kama hujui chochote kuhusu gari hiyo.

Oili: IST ya kizazi cha kwanza ina gia nne za kawaida na inatumia Toyota T-IV. Huna haja ya kumwamini muuzaji wala mimi. Chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ya gia boksi uisome, Toyota nyingi za miaka hiyo zimepigwa chapa hapohapo jina la oili inayotakiwa. Usiweke WS, oili nyingine ya Toyota, kwa kuambiwa kwamba ni toleo jipya. WS ni nyepesi zaidi, na Toyota hawazihesabu kuwa ni kitu kimoja.

Kabla hujanunua chochote, pima. Endesha gari nusu saa hivi ipate moto. Egesha mahali tambarare, kanyaga breki, pitisha gia zote kuanzia P hadi L polepole kisha rudi P, injini ikiwa inaendelea kuunguruma. Chomoa dipstiki, ifute, rudisha, chomoa tena, usome kwenye alama ya HOT. Wenye Honda utaratibu ni tofauti: wanazima injini kwanza, wanapima ndani ya dakika moja au na nusu.

Kisha dondoshea tone kwenye tishu nyeupe na usubiri. Oili nzuri inasambaa na kuacha duara la wekundu mwepesi. Iliyochoka inaacha kitovu cheusi katikati na pembeni inasambaa kidogo tu. Rangi peke yake isikutishe, maana kuna oili zinazokuwa na weusi mapema bila tatizo. Pua ndiyo shahidi mzuri zaidi. Harufu ya kuungua ikiwepo, klachi zimeanza kuteketea na mjadala wetu unabadilika kabisa.

#4 · Fundi, Morogoro

Mkuu mwanzisha uzi, umeeleza vizuri lakini mimi nipo gereji siku zote na naomba niseme ninachokiona. Gari inakuja inatembea. Mwenyewe anasema badilisha oili. Tunabadilisha. Wiki mbili baadaye inarudi imevutwa, haiendi mbele wala nyuma. Lawama kwa fundi. Ndiyo maana wengi wetu tunasema kama haina tatizo iache.

#5 · Mwanzisha uzi

Fundi, heshima yako, hilo unaloliona ni la kweli na silibezi. Tulichambue tu.

Gari hizo zililetwa lini? Mara nyingi ni pale gia ilipoanza kuchelewa kushika, au kuteleza mlimani, au kugonga ikiingia R. Maana yake klachi zilikuwa zimekwisha kabla hazijakufikia. Unga wa klachi zilizolika unakuwa umeelea kwenye oili ya zamani na unasaidia kidogo msuguano. Ukiumwaga wote na kuweka oili mpya yenye usafi, klachi iliyobaki nyembamba haina cha kushikia. Oili mpya imefichua ugonjwa ambao tayari ulikuwemo. Gari yenye kilometa chache za kweli, inayobadilisha gia bila kusitasita, haipo kwenye kundi hilo, na huo ndio wakati salama kuliko wote.

Sababu ya pili ni mashine ya kuflashi. Inasukuma oili kwa nguvu na kung'oa uchafu uliokuwa umetulia, unakwenda kuziba vijia vyembamba vya valvu bodi. Mimi siipendekezi kabisa kwa gari isiyo na historia.

Ya tatu ni oili isiyo yake. Hii nayo inaua gari nyingi.

Kumwaga na kujaza kuna faida moja kubwa: hakutoi oili yote. Tuseme gia boksi inabeba lita 7 na ukifungua nati ya sampo (bakuli la oili la chini) zinatoka 3, nyingine zinabaki kwenye konveta na vijia. Mara ya kwanza umepata asilimia 43 ya oili mpya. Ukiendesha kilometa mia kadhaa na kurudia, unafika 67. Mara ya tatu, 81. Gia boksi inazoea taratibu. Gari yenye oili iliyo katika hali nzuri, mara mbili zinatosha. Jambo moja la lazima: pima ujazo uliotoka kwenye chupa zenye alama, urudishe kiasi hichohicho, kisha uhakikishe kwa dipstiki ikiwa ya moto. Kuzidisha nako kuna madhara, oili inakorogwa na kuwa povu, na povu halibebi presha.

#6 · Fundi, Morogoro

Hapo sawa, tumeelewana. Ni kweli wengi wanakuja wakati mgonjwa yuko mahututi.

Niongeze la kwangu. Fundi akishusha sampo, mwenye gari asogee aangalie mwenyewe. Ndani kuna sumaku ndogo, mbili au zaidi, zimekaa sakafuni. Kwenye gari iliyo nzima utakuta zimevaa tope laini la kijivu, ukilisugua kwa vidole halina chembe, ni kama mafuta ya mgando. Hilo ni la kawaida. Ukikuta vipande vinavyochoma kidole, au vijiti vya chuma kama sindano, usifunge na kuondoka, kuna chuma kinalika huko ndani. Na ukikuta nyuzi nyeusi au unga mzito mweusi, hizo ni klachi.

Filta za Toyota nyingi za zamani ni za wavu na zinaoshwa, za karatasi zinabadilishwa. Gasketi iwe mpya. Nati za sampo ni ndogo, zinakazwa kwa mkono mwepesi na kwa kupishana. Anayezikaza kama za gurudumu anakata nati ndani ya alumini na hapo mwenye gari analia.

Tena wanaoweka maji ya bomba kwenye rejeta waache. Gari nyingi bomba la oili ya gia boksi linapita ndani ya rejeta kupozwa. Kutu ikitoboa humo, maji yanaingia kwenye oili. Ukichomoa dipstiki ukaona rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa, zima gari hapohapo, iite ivutwe. Maji yanabandua gundi ya klachi.

#7 · Mdau, Moshi

Shikamooni wakubwa. Baba alituachia Toyota Harrier ya 2005, injini 2AZ, kilometa 52,000, na hizo ni za kweli kwa sababu yeye mwenyewe aliiagiza na alitunza risiti zote. Tatizo imekaa chini ya mwembe miaka minne bila kuwashwa. Mama anataka tuirudishe barabarani. Kwenye risiti sioni popote gia boksi imeguswa. Tuanzie wapi?

#8 · Mwanzisha uzi

Marahaba dada, na poleni kwa msiba wa mzee. Gari yenye karatasi zake zote ni urithi mzuri.

Msiiwashe kwanza. Badilisheni betri, oili ya injini, petroli ya zamani itolewe tankini, breki zikaguliwe, na chini ya boneti fundi atafute viota vya panya na nyaya zilizotafunwa. Ikishawaka, iache kwenye P dakika kadhaa kabla ya kugusa D. Gari iliyokaa muda mrefu, oili nyingi ya kwenye konveta hushuka kwenye sampo, kwa hiyo dipstiki inaweza kukuonyesha imezidi wakati haijazidi. Msipunguze. Subirini izunguke kwanza. Siku ya kwanza inaweza kuchelewa sekunde chache kushika gia, ikiendelea hivyo baada ya kupata moto ndipo pa kuhofu.

Iendesheni polepole mtaani hadi ipate moto vizuri, ndipo mmwage ikiwa bado na uvuguvugu, kwa sababu uchafu na unyevu uliotulia vitakuwa vimechanganyika na vitatoka. Mshushe sampo, mfanye kama fundi wa Morogoro alivyoeleza hapo #6, mjaze T-IV. Baada ya wiki kadhaa rudieni kumwaga na kujaza bila kushusha sampo. Kisha mtazame chini ya gari kila asubuhi kwa muda. Sili za mpira zilizokaa bila kulowana hukakamaa, na ya mbele ya konveta au za eksoli zikianza kudondosha, mzibadilishe mapema kabla oili haijapungua. Nisingeweka dawa za kopo za kuziba uvujaji kwenye gia boksi nzima kama hiyo.

#9 · Mdau, Nairobi

Salamu kutoka Kenya. Huku sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane inatufanya tulete magari machanga kidogo, kwa hivyo wengi wanadhani hii story haituhusu. Nina Demio ya 2017, kilometa 39,000. Mekanika wa Kirinyaga Road ana mtungi mkubwa wa ATF (oili ya gia boksi za otomatiki) nyekundu, anasema inaingia gari zote. Nimekuwa kwa jam ya Mombasa Road kila siku tangu niinunue.

#10 · Mwanzisha uzi

Karibu sana ndugu. Mtungi huo usiingie kwenye gari yako. Demio hiyo ina gia sita za Mazda na inatumia oili yao inayoitwa FZ, ambayo rangi yake ni ya buluu. Akikuwekea nyekundu utakuwa na mchanganyiko ambao hakuna mtu anayeweza kuuelezea.

Kwa umri na jamu unayoieleza, kama huna kumbukumbu ya oili kubadilishwa, panga kubadilisha sasa. Kama gia zinaingia vizuri, si dharura ya kukufanya ukubali gereji yoyote. Tafuta gereji yenye mashine ya kusoma joto la gia boksi, maana kwenye magari ya kisasa kimo cha oili kinapimwa kwa joto maalumu, na kila mtengenezaji ana lake. Toyota nyingi za WS, kwa mfano, ni karibu na nyuzi 40: wanafungua kizibo cha chini, oili ya ziada inachuruzika, ikibaki inadondoka tone kwa tone wanafunga. Fundi akikuambia anakadiria kwa macho, ondoka na gari yako.

#11 · Mdau, Mwanza

Mkuu, mbona CVT, zile otomatiki zisizo na gia za hatua, hamjaigusa? Nissan X-Trail yangu ni ile T31 ya 2009, kilometa 61,000. Kupanda na kushuka vilima vya huku imeanza kunguruma kidogo ikiwa ya moto, ila nguvu ipo.

#12 · Mwanzisha uzi

Ni kweli, CVT inastahili jibu lake, hasa kwa kuwa Premio na Allion za kuanzia 2007, Vitz nyingi za injini 1300 za kizazi cha pili na Nissan nyingi ni CVT na wenye nazo hawajui.

Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili, na kinachouzuia usiteleze ni presha pamoja na oili maalumu. Ukiweka ATF ya kawaida humo, mkanda unateleza na kuchora puli, na puli zikishachorwa hakuna oili ya kuziponya. Ya kwako inataka oili ya Nissan iitwayo NS-2. Kwa CVT mimi nashikilia kilometa 40,000, na kwa gari yenye historia isiyojulikana nabadilisha mara tu inapofika.

Sasa kwa Nissan kuna kitu kizuri sana. Kompyuta ya gia boksi inatunza hesabu ya uchakavu wa oili, inayojengwa kutokana na joto ambalo oili imepitia. Mwongozo wa Nissan unasema hesabu hiyo ikifika 210,000 oili ibadilishwe, bila kujali odomita. Mwenye mashine nzuri ya daignosisi anaisoma kwenye data za CVT, imeandikwa "CVTF deterioration". Ipeleke ukasome, uturudishie jibu.

#13 · Mdau, Mwanza

Nimerudi wakuu. Odomita 61,300, hesabu ya oili 214,000 na ushee. Fundi mwenyewe alishangaa, hakuwahi kufungua ukurasa huo. Ameshusha sampo: tope la kijivu tu kwenye sumaku, hakuna vipande. Tumeweka NS-2 na filta mpya, mngurumo umepungua lakini haujaisha wote.

#14 · Mwanzisha uzi

Safi sana mkuu. Sumaku zikiwa hivyo una bahati. Rudia kumwaga na kujaza baada ya kilometa elfu moja, maana zaidi ya nusu ya oili ya zamani bado imo. Kabla hujaondoka gereji siku hiyo mwambie fundi aifute hesabu ianze sifuri, asipofuta itaendelea kusoma kana kwamba hukubadilisha. Mngurumo ukibaki baada ya mara ya pili, wapime beringi za puli, na kwa sasa vilima hivyo upande taratibu, usiikanyage hadi mwisho.